Kumdai fidia aliyekutendea jinai: kuhesabu muda na kufungua shauri ukiwa Arusha au Moshi

Chukua mfano huu. Mtu amekatwa panga nje ya soko la Kilombero, Arusha, usiku wa Alhamisi tarehe 14 Machi 2024. Ameripoti kituoni, amepewa namba ya RB (ya kitabu cha taarifa cha polisi) na fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali, ametibiwa Mount Meru, mtuhumiwa amekamatwa na kufikishwa mahakamani. Kila kesi inapotajwa majeruhi anafika, inaahirishwa, anarudi nyumbani. Hukumu inatoka mwaka wa tatu. Mfungwa anakata rufaa, rufaa inatupwa. Hapo ndipo majeruhi anapokwenda kwa wakili kusema kwamba sasa anataka fidia ya mkono wake. Wakili haangalii tarehe ya hukumu wala ya rufaa. Anaangalia tarehe ya tukio, anahesabu, anamwambia amechelewa.

Kosa hili linaua madai mengi. Watu wanaamini kwamba kesi ya polisi ikiwa bado inaendelea, madai yao yamehifadhiwa mahali fulani yakisubiri. Hayajahifadhiwa. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri dhidi ya mshitakiwa, na wewe ndani yake ni shahidi. Madai ya fidia ni shauri lako mwenyewe dhidi ya aliyekuumiza, na muda wake unahesabika hata kama yeye yuko mahabusu.

Muda ni upi

Sheria inayotawala ni Sheria ya Ukomo, Sura ya 89 ya sheria za Tanzania. Mwishoni mwake kuna jedwali lenye aina za mashauri na muda wa kila moja. Ukisoma, tumia toleo la marekebisho la 2023, maana mpangilio wa vifungu katika sheria kadhaa umeguswa na nakala nyingi zinazozunguka kwenye simu ni za zamani.

Madai yanayotokana na madhara, yaani kupigwa, kujeruhiwa, kubakwa, kuchomewa nyumba, kuibiwa mali, kugongwa na dereva mzembe, kuchafuliwa jina, yana miaka 3 tangu sababu ya madai ilipoibuka. Kwa jeraha au wizi, hiyo kwa kawaida ni siku ya tukio.

Kama aliyekutapeli mlikuwa na mkataba, kwa mfano fundi aliyechukua fedha za nyumba akatoweka, au wakala aliyeuza mzigo wako wa kahawa akala hela, unaweza kudai kwa msingi wa mkataba, na huko muda ni miaka 6. Tukio lile lile linaweza kubeba madai ya aina mbili, na anayeandika hati vizuri anachagua ule msingi ambao bado uko hai. Kurudisha ardhi ni miaka 12, hata kama ilichukuliwa kwa hati ya kughushi.

Kuna muda mmoja mfupi ambao wengi hawaujui. Ukidai fidia kwa kitendo ambacho aliyekitenda anasema alikuwa anatekeleza sheria iliyoandikwa, muda ni mwaka 1 tu. Askari aliyekupiga wakati wa kukamata, mgambo aliyevunja kibanda chako na kukuvunja mguu: utetezi wa kwanza utakuwa kwamba alikuwa kazini kwa mujibu wa sheria. Hata kama unaamini alivuka mipaka kabisa, jipange kana kwamba una mwaka mmoja. Ukifungua mapema hupotezi kitu.

Kuhesabu siku yenyewe

Siku ya tukio haihesabiwi. Kwa mfano wetu wa tarehe 14 Machi 2024, hesabu inaanza tarehe 15, na siku ya mwisho ni tarehe 14 Machi 2027. Hiyo ni Jumapili. Sheria inasema muda ukiisha siku ambayo Mahakama imefungwa, unaruhusiwa kufungua siku inapofunguliwa, yaani Jumatatu tarehe 15. Usiitegemee ruhusa hiyo. Siku hizi mashauri yanafunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki unaopokea hata Jumapili, na hakuna sababu ya kumpa mdaiwa mada ya kubishania.

Andika tarehe mbili kwenye jalada lako la nyumbani: ya mwisho ya kisheria, na yako mwenyewe iliyo miezi 6 kabla yake. Fanyia kazi hiyo ya pili. Miezi hiyo sita inaliwa na vitu vya kawaida kabisa: nakala ya mwenendo wa kesi haijachapwa, daktari aliyekutibu amehamishwa, jina la mdaiwa kwenye hati ya mashtaka haliendani na lile la kitambulisho chake.

Na usitarajie Mahakama ikuonee huruma kwa kuwa mdaiwa mwenyewe hakulalamika. Sheria inaiagiza Mahakama itupe shauri lililochelewa hata kama suala la ukomo halikutajwa na upande wa pili. Neno linalotumika ni kutupiliwa mbali, na lina uzito wake: shauri lililofutwa kwa kasoro ya hati unaweza kulileta upya ukirekebisha, lakini lililotupwa kwa ukomo limekwisha hapo, isipokuwa ukakate rufaa.

Nani anaongezewa muda

Mtoto. Kama aliyetendewa alikuwa chini ya miaka 18, miaka mitatu inaanza kuhesabiwa siku anapotimiza 18, kwa hiyo anayo nafasi hadi anapofika 21. Hiyo haina maana kwamba mzazi asubiri. Mtoto anaweza kudai sasa kupitia mtu mzima anayesimama kama rafiki yake wa karibu mahakamani, na ushahidi wa daktari na wa majirani ni mbichi sasa kuliko utakavyokuwa miaka kumi ijayo. Lakini binti wa miaka 19 aliyebakwa akiwa na 12, na ambaye nyumbani walinyamaza, bado hajachelewa.

Mtu asiye na akili timamu naye anahesabiwa tangu anapopona. Kama kipigo chenyewe ndicho kilichomharibu, kwa mfano jeraha la kichwa, hakikisha taarifa ya KCMC au hospitali nyingine iliyomtibu inasema wazi tangu lini hadi lini hakuweza kujisimamia. Neno "alichanganyikiwa" kwenye karatasi ya ruhusa halitoshi.

Aliyefichwa ukweli. Pale madai yanapotokana na ulaghai, au mdaiwa ameficha kwa ulaghai jambo linalokupa haki ya kudai, muda unaanza siku ulipougundua, au siku ambayo mtu makini angeugundua. Mhasibu wa chama cha akiba na mikopo aliyekuwa anaandika marejesho hewa tangu 2019 na ukaguzi ukamfichua 2024 hawezi kujificha nyuma ya 2019. Ila huo mkia wa "mtu makini" una meno: kama taarifa ya mwaka 2021 ilionyesha pengo na uongozi ukalipita bila kuuliza, tegemea kuambiwa mlipaswa kujua tangu siku hiyo.

Aliyekimbiliwa nje ya nchi. Muda ambao mdaiwa hakuwepo Tanzania hauhesabiwi. Kwetu huku mpaka uko karibu, mtu anavuka Namanga au Holili asubuhi na jioni yuko kwa shangazi upande wa pili. Tatizo ni kuthibitisha. Maneno ya mtaani kwamba "yuko Nairobi" hayasimami, na aliyepita njia za panya hana muhuri kwenye pasi. Hesabu kana kwamba hakuondoka, na hoja hii iwe akiba tu.

Ukiingia kwenye mojawapo ya haya, ni lazima ukitaje kwenye hati ya madai yenyewe. Kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai zinamtaka anayefungua nje ya muda wa kawaida aonyeshe ndani ya hati anategemea msamaha gani. Anayesahau hapo hawezi kuileta hoja hiyo kwa mara ya kwanza siku ya kujibu pingamizi.

Mambo yanayodhaniwa kusimamisha muda na hayasimamishi

Mazungumzo ndiyo makubwa kuliko yote. Katika mikoa hii miwili watu hawaanzi na Mahakama, na kwa sehemu kubwa ni busara. Upande wa Uchagani familia ya mkosaji inaweza kuja na jani la sale kuomba msamaha, na kulikataa si jambo dogo. Kwa Wamaasai, kuanzia Monduli hadi Longido, laigwanani, yaani kiongozi wa kimila, na wazee wanaweza kukaa na kupanga ng'ombe wa fidia. Vikao hivyo vinaweza kuchukua mwaka na zaidi, mara mjomba yuko safarini, mara tusubiri mavuno, na sheria haitambui hata siku moja ya subira hiyo. Mahakama ya Rufani imeshasema wazi kwamba mazungumzo ya kabla ya shauri hayazuii muda kwenda, katika shauri ambalo mdaiwa alikuwa Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lenye makao makuu hapa hapa Arusha.

Kinachosaidia ni maandishi. Mkikubaliana, msiishie kwenye daftari la kikao. Andikeni mkataba wa malipo unaosimama wenyewe, kwa mfano: "Mimi fulani nakubali kumlipa fulani Sh 4,500,000 kama fidia ya majeraha ya tarehe 14 Machi 2024, kwa awamu tatu za Sh 1,500,000, ya kwanza tarehe 30 Juni 2026, ya pili tarehe 30 Septemba 2026, ya tatu tarehe 31 Desemba 2026. Nikishindwa awamu yoyote, deni lote lililobaki linadaiwa mara moja." Sahihi, mashahidi wa pande zote mbili, namba za vitambulisho. Kwa karatasi hiyo, akikiuka, unadai deni la mkataba, na muda wake ni miaka 6 tangu alipokiuka. Bila karatasi hiyo, ahadi ya mdomo hata mbele ya ukoo mzima ni ngumu kuithibitisha, kwa hiyo jihesabie miaka yako mitatu ile ile.

Jihadharini na sentensi moja inayopenda kuingizwa mwishoni: "na kesi ya polisi imefutwa." Mlalamikaji hana mamlaka ya kufuta kesi ya Jamhuri, na kupokea fedha ili kuficha au kuua kosa kubwa nako ni kosa la jinai. Kwa makosa madogo kama shambulio la kawaida Mahakama yenyewe inaweza kuwahimiza kupatana. Kwa ubakaji au unyang'anyi wa silaha, usiguse.

Barua ya wakili ya kudai nayo haisimamishi muda. Kadhalika malalamiko kwa mkuu wa wilaya, kwa dawati la jinsia, au kwa ofisi ya kata. Na msichanganywe na mabango ya mahakama kubwa zilizopo mjini Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki hazisikilizi madai ya mtu dhidi ya jirani aliyemjeruhi, na hii ya pili ina ukomo wake mkali wa miezi miwili kwa mashauri yanayoihusu.

Kuna na mtego wa kiufundi. Umefungua shauri ndani ya muda, likaonekana na kasoro, ukaliondoa kwa ruhusa ya kulirudisha. Ukirudi, sheria inakuhesabia kana kwamba lile la kwanza halikuwahi kuwepo. Ruhusa ya kurudi haifufui muda uliokufa. Nafuu ipo kwa aliyekuwa anaendesha shauri lake kwa nia njema katika Mahakama isiyo na mamlaka: siku zile zinaweza kuondolewa kwenye hesabu, mradi azitaje kwenye hati na athibitishe kwamba hakuwa mzembe.

Fidia ndani ya kesi ya jinai

Kabla ya kufikiria shauri la madai, tumia mlango ulio wazi tayari. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inairuhusu Mahakama iliyomtia mtu hatiani kumwamuru alipe fidia kwa aliyepata hasara au jeraha. Kwa ubakaji, Kanuni ya Adhabu inataka fidia iamriwe pamoja na kifungo. Mali iliyoibwa na kukamatwa kama kielelezo inaweza kuamriwa irudi kwa mwenyewe.

Kwenye makosa mengine hiari ni ya hakimu, na hakimu haamui juu ya kitu ambacho hakikuwekwa mbele yake. Ongea na mwendesha mashtaka mapema, kabla ya siku ya hukumu. Mpe nakala za risiti za matibabu, nauli za kwenda kliniki, barua ya mwajiri inayoonyesha siku ulizokosa kazi. Ukitoa ushahidi, taja hasara kwa takwimu: "nimelipa Sh 1,280,000 hospitali" inaingia kwenye kumbukumbu, "nimepata hasara kubwa" haiingii popote.

Ukipewa kidogo, bado unaweza kufungua madai. Kilichokwisha kulipwa kitazingatiwa, usilipwe mara mbili kwa jambo moja. Ukinyimwa kabisa, vilevile.

Je, usubiri hukumu ya jinai? Ni kweli kwamba hukumu hiyo ni silaha. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaichukulia hukumu ya mwisho ya jinai kuwa uthibitisho kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa lile, baada ya muda wa rufaa kupita au rufaa kuamuliwa. Ukiwa nayo, kwenye madai unabaki na kazi ya kuthibitisha ukubwa wa hasara tu. Ndiyo maana watu wanasubiri, na ndiyo maana wanachelewa.

Njia salama ni kufungua shauri la madai ndani ya muda, kesi ya jinai ikiwa bado inaendelea, halafu kuiomba Mahakama ya madai iahirishe usikilizwaji hadi ile ya jinai iamuliwe. Hakuna katazo la mashauri hayo mawili kwenda sambamba. Hakimu akikataa kuahirisha, utathibitisha kwa kipimo cha madai, ambacho ni chepesi kuliko kile cha jinai cha kutoacha shaka. Na upande wa pili wa sheria hiyo ujulikane: mshitakiwa akiachiwa huru kwa hukumu ya mwisho, hukumu hiyo inamkinga yeye. Kuondolewa kwa shtaka na upande wa mashtaka kabla ya hukumu ni jambo tofauti, halimsafishi.

Kufungua shauri

Watu wengi hukimbilia Mahakama ya Mwanzo kwa kuwa iko karibu na haina mawakili wengi. Kwa upande wa madai, Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mambo ya sheria za mila na za Kiislamu na madeni ya mikataba. Mkataba wenu wa fidia uliokiukwa, kama deni halizidi Sh milioni 30, unaweza kwenda huko. Madai ya jeraha lenyewe peleka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ambazo zinapokea madai yasiyo ya mali isiyohamishika hadi Sh milioni 200. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu, yenye masjala Arusha na Moshi.

Kinachopima mamlaka ya Mahakama ni fidia maalumu, ile hasara unayoweza kuitaja kwa shilingi na risiti. Fidia ya jumla, kwa ajili ya maumivu na usumbufu, inakadiriwa na Mahakama na haihesabiwi hapo. Kwa hiyo kuandika "fidia ya jumla Sh milioni 500" hakukupeleki Mahakama Kuu. Kunakupeleka mahali pasipo na mamlaka, na miezi inakwenda. Kama tukio lilikuwa Moshi na mdaiwa anaishi Arusha, chagua mojawapo. Mashahidi wako walipo ndipo penye unafuu.

Hati ya madai inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, lugha ya Mahakama kwa mujibu wa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021. Iwe na majina kamili na anuani za pande zote, maelezo ya tukio kwa aya zenye namba, thamani ya madai, mamlaka ya Mahakama, na nafuu unazoomba. Aya ya tarehe iandikwe kwa uangalifu kuliko zote: "Kwamba mnamo tarehe 14 Machi 2024, majira ya saa 2 usiku, nje ya soko la Kilombero, mdaiwa alimkata mdai kwa panga mkono wa kulia, sababu ya madai iliibuka siku hiyo na shauri hili limefunguliwa ndani ya miaka mitatu." Hati inayosema "mwanzoni mwa 2024" inamkaribisha wakili wa upande wa pili aje na pingamizi la awali. Mwisho weka uthibitisho, sahihi, tarehe na mahali.

Fidia maalumu orodheshwe kitu kwa kitu na kuthibitishwa kwa ukali: dawa, upasuaji, usafiri, mshahara uliokosa. Risiti za mashine ya EFD zinafifia, zitoe nakala mapema. PF3 halisi huwa imebaki kwenye jalada la jinai kama kielelezo. Usiitafute kituoni. Andika barua kwa Mahakama iliyosikiliza kesi, ukitaja namba ya kesi, uombe nakala zilizothibitishwa za PF3, mwenendo na hukumu. Ambatanisha barua hiyo yenye muhuri wa kupokelewa hata kama nakala hazijatoka. Utaonyesha kwamba uliziomba, na shauri litakuwa limefunguliwa kwa wakati.

Hati inaingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Asiye na wakili anaweza kusaidiwa masjala. Uwe na namba ya NIDA, barua pepe unayoifungua kweli, na hati iliyoskaniwa ikasomeka. Mfumo ukikubali, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo kwa ada. Lipa siku hiyo hiyo. Kanuni za mwaka 2018 za kufungua mashauri kwa mtandao zinaangalia siku hati ilipowasilishwa, lakini uamuzi wa zamani wa Mahakama ya Rufani ulisema shauri limefunguliwa siku ada ilipolipwa, na mawakili wa wadaiwa wanaupenda sana. Ukiwasilisha na kulipa siku moja, mjadala huo haukuhusu. Hati ikirudishwa na masjala kwa kasoro, irekebishe siku hiyo. Anayewasilisha saa 5 usiku ya siku ya mwisho hana siku ya kurekebisha.

Asiye na uwezo wa ada anaweza kuomba msamaha au kuomba kudai kama maskini, na hilo nalo lina taratibu zake, kwa hiyo lianze miezi kabla. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo mikoa yote miwili, na Moshi kuna shirika la KWIECO linalosaidia hasa wanawake na watoto.

Aliyekuumiza akiwa mtumishi wa umma

Kama unamdai na mwajiri wake, iwe Serikali kuu, halmashauri au shirika la umma, kuna notisi ya siku 90 chini ya Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye ni lazima aunganishwe, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Weka hili pamoja na ule muda wa mwaka 1. Notisi ipelekwe ndani ya miezi minne ya kwanza, kwa mkono, na upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Nyingi za kesi hizi hufa kwenye notisi: imepelekwa kwa halmashauri bila nakala kwa Mwanasheria Mkuu, au shauri limefunguliwa siku ya 85.

Aliyeuawa

Haki ya kudai haizikwi naye, isipokuwa ile ya kuchafuliwa jina. Kwa kawaida anayedai ni msimamizi wa mirathi, na uteuzi wake nao unachukua muda, kuna tangazo na kuna wenye kupinga. Familia isisubiri kesi ya mauaji Mahakama Kuu. Fungueni mirathi mara baada ya msiba.

Ukiwa umeshachelewa

Kuna njia moja nyembamba. Mahakama inaweza kuongeza muda wa rufaa na maombi, lakini haiwezi kukuongezea muda wa kufungua shauri jipya. Maombi ya namna hiyo hufunguliwa na hutupwa. Mwenye uwezo ni Waziri mwenye dhamana ya sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, naye anaweza kuongeza muda usiozidi nusu ya ule wa awali. Kwa madai ya miaka 3, ni mwaka mmoja na nusu. Andika barua yenye sababu na vielelezo: tarehe ya tukio, kwa nini hukufungua, nani ataumia na vipi. Shauri lifunguliwe baada ya amri kutoka, na amri iambatanishwe. Ikipita miaka minne na nusu tangu kupigwa, hata Waziri hana la kukusaidia.

Baada ya kufungua

Mdaiwa aliye gerezani anapelekewa wito kupitia mkuu wa gereza, iwe Karanga kwa Moshi au Kisongo kwa Arusha, kwa hiyo taja gereza na namba ya kesi yake kwenye anuani. Akishapokea ana siku 21 za kuleta utetezi wa maandishi. Kisha mnapelekwa kwenye usuluhishi wa Mahakama, usiozidi siku 30, na hapo ndipo wazee wenu wanapopata nafasi yao tena, safari hii shauri likiwa limeshasajiliwa. Mkipatana, makubaliano yanasajiliwa na kuwa tuzo, yaani amri rasmi ya Mahakama.

Tuzo ina miaka 12 ya kukaziwa, yaani kutekelezwa kwa nguvu ya Mahakama. Mfungwa asiye na kitu leo anaweza kurithi kihamba (shamba la ukoo) au kununua bodaboda baada ya kutoka, kwa hiyo tunza nakala halisi ya tuzo, uliza mara kwa mara ana nini kwa jina lake, na omba kukaza hukumu katika Mahakama ile ile iliyoitoa.